Siki Niliyopimia Mawe Kaloleni

Nikwambieni ukweli, hadi leo nikipita Kaloleni huvuta ushungi mpaka puani, na si kwa ajili ya vumbi. Kuna watu kule hawanijui hata jina, lakini wakiniona hucheka kwanza ndipo waniamkue, na siwalaumu. Aibu niliyoipata siku ile niliitafuta mwenyewe, tena kwa miguu yangu, nikaenda kugonga mlango kuiomba.

Kazi yangu ni mawe. Nimesomea miamba, na nimeajiriwa na Bwana Jayesh, mwenye kampuni ndogo ya uchunguzi wa ardhi pale Malindi (babu yake aliuza nguo, baba yake akauza saruji na misumari, yeye akaona ashuke chini ya msingi kabisa). Wakati ule kulikuwa na mwekezaji aliyetaka kuchimba makaa ya mawe chini ya ardhi, bara kidogo kupita Kaloleni. Sasa kibali cha mgodi kama huo hakitolewi kwa maneno matupu. Lazima ueleze miamba yote, tabaka baada ya tabaka, kutoka juu ya ardhi hadi chini ya makaa yenyewe. Useme maji yako tabaka gani na visima vya watu vinayachota wapi. Useme ardhi ya juu itashikilia au itadidimia. Na zaidi ya yote, useme ule mwamba uliolalia makaa ukivunjwa ukakutana na maji, utatoa asidi au hautoi. Mwamba ukiwa na chokaa ya kutosha, chokaa huimeza ile asidi. Usipokuwa nayo, visima huweza kuharibika, na watu wa kule hawana maji ya mfereji, kunywa kwao ni visima hivyo hivyo.

Tulikuwa tumeshatoboa ardhi na kutoa vipande vya mwamba, vya mviringo, virefu kama mihogo, tukavipanga masandukuni kwa utaratibu wake. Baadhi vilikuwa maabara na majibu hayajatoka. Kukaitishwa baraza katika ukumbi wa shule ya misheni ili wenyeji waelezwe, nami nikasema nitabeba sanduku moja wajionee. Kuna jaribio jepesi sana: unatona asidi kidogo juu ya jiwe, likitoa povu lina chokaa, likinyamaza halina. Hata mtoto huelewa.

Nafika, napekua mkoba, kichupa cha asidi hakimo. Nimekiacha Malindi juu ya meza. Hapo ningewaambia watu leo hakuna jaribio, na mambo yangeishia hapo. Lakini nikakumbuka kwamba siki nayo hufanya kazi hiyo, kwa unyonge lakini hufanya, na siki ya mnazi kwetu pwani haikosekani. Nikauliza dukani, wakasema imekwisha, nijaribu kwa Mama Kadzo, nyumba ya nyuma.

Mama Kadzo nilimkuta uani anaosha vibuyu. (Vibuyu vile vingenifunza kitu, na harufu pia, lakini nilikuwa na mafua, pua imeziba kabisa, na akili nayo naona iliziba.)

"Mama, naomba uniuzie siki ya mnazi."

Akalitazama buibui langu kutoka juu hadi chini. "Siki?"

"Siki ya mnazi."

"Ya kutumia hapa au ya kubeba?"

Nikaona swali la ajabu, siki nitaitumiaje pale, nikasema ya kubeba. Akasogea karibu akaninong'oneza, "Usione haya, mwanangu. Wengi wenu huja wakaiita siki. Mimi sina maneno na mtu." Nikadhani ana maana kwamba Wagiriama wana jina lao na sisi wa Takaungu tuna letu. Nikamshukuru kwa adabu zote. Akanijazia chupa ya soda, akaizungushia gazeti, akanionya nisikaze kizibo. Nikakikaza, maana sikutaka siki inimwagikie, kisha nikaiacha garini juani wakati tunapanga viti.

Ukumbi ulijaa. Chifu mbele na magwanda yake yaliyopigwa pasi, Bwana Jayesh kando yake, mimi na sanduku langu mezani. Nikaeleza matabaka vizuri, watu wakasikiliza, nikashika chupa nikafungua kizibo. Ikalipuka! Ikamrukia chifu kifuani, ikaniloweza mimi kuanzia ushungi hadi kiunoni, na watu wa safu ya mbele wakarudi nyuma na viti vyao.

"Msiogope," nikasema, "ni siki tu."

Watu wakaangua kicheko. Nami nikacheka nao, nikifikiri hawa ni watu wachangamfu, baraza litakwenda vizuri.

Nikamimina kidogo juu ya jiwe la mchanga, likatoa povu. Nikamimina juu ya ule mwamba mweusi uliolalia makaa, likatoka povu kama sufuria ya uji. Nilifurahi kupita kiasi, nikapaza sauti kama muuza dawa sokoni: "Mmeona? Chokaa tele! Hata mgodi ukichimbwa, maji yenu hayatakuwa na neno!"

Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akasimama. Yeye alikuja kwa ajili ya kisima tu, alikuwa ameuliza tangu mwanzo. "Kwa hiyo nikawaambie wenzangu wasiwe na hofu?"

"Nenda ukawaambie," nikamjibu. Akaanza kutoka.

Nikataka kumaliza kwa kishindo, nikachukua kipande cha makaa yenyewe. "Haya hayana chokaa, tazameni yatakavyonyamaza." Nikamimina. Yakatoa povu. Nikamimina tena, povu lile lile. Nikatona juu ya mbao za meza, nazo zikatoa povu, na hapo nikaiweka chupa chini, kwa sababu mbao hazina chokaa hata kidogo.

Chifu alikuwa anajipangusa kwa leso. Akasema polepole, bila hasira, "Bi Rukia, hii ni pombe ya mnazi, hutoa povu yenyewe. Nilidhani unajua."

Vicheko vile! Kuna mzee alisimama na kikombe akaomba naye apimwe. Nami nimesimama pale, nimerowa pombe mwilini mwote mbele ya halaiki, mimi ambaye sijapata kuionja. Bwana Jayesh akaniinamia sikioni: "Sema jaribio limekwisha, tuingie maswali. Maabara itasahihisha baadaye."

Lilikuwa wazo zuri, na nilitamani sana kulifuata. Lakini yule mama alikuwa ameshafika mlangoni.

"Mama, rudi!" Nikalazimika kupiga kelele ili nisikike. "Nililokwambia juu ya kisima, lifute. Usimwambie mtu. Sijui kama maji yatakuwa salama. Sijui bado."

Kicheko kikakatika. Bwana Jayesh akatazama dari. Yule mama akarudi hadi mbele, akamweka mtoto wake sawa mgongoni. "Basi ukijua," akasema, "uje utwambie wewe mwenyewe."

Nilipofika Takaungu, mamangu alinipokea mlangoni, nikasema shikamoo, hakuitikia. Alinusa, akanusa tena, akaniuliza nimeanza lini. Nikamweleza yote nikiwa nimesimama nje, maana hakuniruhusu kuingia na lile buibui.

Majibu ya maabara yalitoka baadaye. Mwamba ule mweusi chokaa hauna ya kutosha, na una salfa, mama wa ile asidi, kwa kiasi cha kutia wasiwasi. Ikabidi tutoboe mashimo mengine na tupime maji ya kila kisima cha karibu, na kibali bado kinangoja hadi sasa. Nilirudi kule mwenyewe kama nilivyoambiwa, nikakaa kwenye kibao jikoni kwa yule mama, nikamweleza alivyo mwamba na tunachokihofia. Alisikiliza bila kucheka hata mara moja, kisha akaniuliza maswali mpaka nikachoka kujibu.

Tangu hapo nimejiapiza kwamba sipimi kitu mbele ya watu kabla sijakipima peke yangu, na maji ya watu siyatolei neno kwa furaha. Mwekezaji hulalamika kwamba naenda taratibu. Namwacha alalamike.