Mlamula Katikati ya Mji wa Mgodi

Ramani ya mji mpya wa mgodi, tunakohamishiwa, ilipobandikwa kwenye ukuta wa darasa, mama yangu aliuliza jambo moja tu: jirani yake amewekwa wapi. Mimi nilikuwa mkalimani wa afisa mipangomiji, bwana mpole kutoka Dodoma, nikitoa maneno kwenye Kihangaza na kuyatia kwenye Kiswahili. Ikaonekana kwamba mama, kwa kuwa ni mjane, amepewa nyumba ndogo mtaa wa kwanza. Jirani, ambaye wazazi wake walitokea Burundi, ana watoto saba, akapewa kubwa mtaa wa pili. Kati yao palikuwa na eneo la wazi, na barabara ya kulizunguka si ya magoti ya mama. Wale wawili wameombana moto na chumvi tangu kabla sijazaliwa. Sitaficha, niliogopa mama angekufa kwa upweke chini ya bati jipya.

Mama hakubishana. Wiki iliyofuata akatokea na jirani yake, kila mmoja na mzigo wa vipandikizi vya mti wa mlamula kichwani. Mlamula kwetu ndio mpaka wa shamba. Ukishapandwa, hakuna mwenye akili zake atakayeung'oa. Wakapanda mistari miwili kukatiza eneo la wazi, wakaacha katikati upenyo wa kupita mtu na ndoo. Afisa akadhani ni maua. Akapiga picha, akawasifu kwa kuupendezesha mji. Nilipaswa kumweleza ukweli, nikanyamaza, na sijutii.

Miezi ikapita, ikaja amri kwamba pale pawe maegesho ya malori. Vibarua waliletwa kutoka Rulenge na Murusagamba. Wakautazama mlamula, wakaegemea majembe yao. Afisa akaniuliza kama wamegoma, ndipo nikamweleza yote. Alicheka mpaka akakaa chini, kisha akatandaza ramani juu ya boneti ya gari na kuyahamishia maegesho karibu na lango la mgodi, ambako hata mimi niliona ndiko yalikofaa tangu mwanzo.

Akachora kijistari kati ya ile mitaa miwili, akamwita mama.

"Shikamoo mama. Hii njia niiandikeje?"

"Marahaba." Mama hakungoja nimtafsirie. "Andika kwamba mimi nina jirani."

Akaingia kati ya milamula, akaenda kumwambia mwenzake.