Ncha ya Jiwe la Delmar

Arlene Stubbs hakuwahi kuacha kitu kivunjike bila kutaka kujua sababu. Alipokuwa dereva wa basi la shule kule Iowa, injini ikizima aliifungua mwenyewe kwanza, fundi akaitwa baadaye. Sasa amestaafu, anakereza kalamu kwa mashine gerejini. Gari linalala nje kwenye theluji, masikini.

Jirani yake, mzee Delmar, ndiye aliyemfundisha. Siku hizi mikono ya Delmar inatetemeka, hata kikombe cha kahawa kinamshinda. Basi akamletea vipande vyake viwili vya mwisho vya jiwe la kutengenezwa, unga wa mawe uliogandishwa kwa gundi, buluu yenye mishipa ya dhahabu. Rangi hiyo haipatikani tena.

"Nataka kalamu iliyozibwa nyuma," alisema. "Jiwe tupu mpaka mwisho, bila kifuniko cha chuma. Zangu zote zilinipasukia. Nataka niishike moja kabla sijafa."

"Zilipasuka kwa nini?"

"Kwa nini, kwa nini! Jiwe lenyewe kichaa, bibi wewe. Ukilikoholea tu, limekwisha."

Jibu hilo halikumwingia Arlene hata kidogo.

Alitoboa kipande cha kwanza bila kukitokeza upande wa pili, akagandisha ndani kibomba cha shaba cha kubebea wino, akaanza kukereza taratibu, patasi ikigusa tu. Alipofika kuviringa ncha ya nyuma, pa! Ncha ikaruka, ikampiga kwenye miwani. Loo, yalimtoka matusi ambayo watoto wa basi hawakuwahi kuyasikia!

Mwingine angedaka kipande cha pili papo hapo. Arlene alipiga magoti vumbini mpaka akaipata ile ncha, akaigeuza chini ya taa. Ndani mlikuwa na kishimo kilichochongoka. Akatazama kekee: nayo imechongoka vilevile. Kumbe! Kibomba, chenye mwisho bapa, kinakomea kwenye mlango wa kishimo, lakini mdomo wa kekee umeshatangulia mbele na kuacha uwazi usioshikiliwa na kitu.

Kipande cha pili alikitoboa, akakijaza kile kishimo gundi nzito, ndipo akaingiza kibomba. Alipofika kwenye ncha alibana pumzi. Hiki nacho kikipasuka, atamwambia nini mzee wa watu? Ncha ikawa mviringo, jiwe bado zima. Akalipiga msasa kwa maji mpaka likang'aa.

Delmar aliishika kalamu kwa mikono miwili, machozi yakimlengalenga. "Umefanyaje?"

Arlene akamwekea mezani ncha iliyovunjika, na kekee kando yake. Mzee akausukuma mdomo wa kekee kwenye kishimo. Ukakaa barabara.

"Miaka yote hiyo nalitukana jiwe," alisema, kisha akacheka mpaka akakohoa. "Kumbe ni mimi! Mimi na kekee yangu, iliyochongoka kama hii!"

Alipoondoka, kalamu ilibaki mezani. Arlene akamkimbilia nayo kwenye theluji.

"We mzee, umesahau kalamu yako!"

"Sijasahau. Andikia wewe," Delmar alijibu, akipapasa mfuko alimotia ile ncha iliyovunjika. "Mimi changu nimechukua."