Katibu Aliyengoja Punguzo la Treni

"Bamkubwa, kama Mamkubwa anataka kwenda Haridwar, mbona hamwendi tu?"

Nilimuuliza hivyo Bamkubwa Nirapada, jirani yetu, nilipokuwa na miaka tisa, tumekaa barazani kwao, yeye anachovya biskuti kwenye chai. Biskuti ikakatika, ikazama. Akaitazama pale ilipozama, kisha akanitazama mimi kana kwamba ni mimi niliyeizamisha.

"Punguzo," akasema. "Umebaki mwaka mmoja."

Basi. Hilo halikuwa jibu, lakini mtoto wa miaka tisa atafanya nini?

Nirapada hakuwa bahili. Watu wa mtaa wa Barowaritala walisema ni bahili, ila yeye mwenyewe alijijua kuwa mtu wa haki. Serikali ilikuwa imesema mwanamume akifika sitini anapunguziwa nauli ya treni asilimia arobaini, na mwanamke akifika hamsini na nane analipa nusu. Sasa mtu mwenye akili timamu, ambaye haki yake iko njiani inamjia, apande treni leo kwa nauli kamili? Huko si kujidhulumu?

Tatizo lilikuwa umri wake. Marehemu mama yake alisema alimzaa mwaka wa mafuriko makubwa, na hakuna aliyewahi kumbishia, maana yeye ndiye aliyeshikwa na uchungu akiwa juu ya paa. Ukihesabu kuanzia paa lile, Nirapada alishapita sitini zamani. Lakini baba yake alipompeleka shule alitaka mwanawe aje awe karani wa serikali, na karani hustaafishwa akifika sitini. Kila mwaka uliopunguzwa mwanzoni ulikuwa mwaka wa mshahara mwishoni. Mwalimu mkuu alikuwa mtu mwelewa. Alikuwa na tarehe yake moja aliyoipenda, tarehe mbili Aprili, akawaandikia wavulana wote. Darasa zima likazaliwa siku moja, miaka minne baada ya mama zao kuwazaa.

Mdogo wake, Gurupada, aliandikwa umri wake wa kweli. Yeye alitengewa duka la vyombo vya shaba la familia, na duka halistaafishi mtu. Kwa hiyo mitaani Nirapada ndiye kaka mkubwa, lakini kwa karatasi Gurupada alimzidi miaka miwili. Gurupada akaanza kupata punguzo mapema, na kila aliporudi safari alipitia kwanza kwa kaka yake, begi bado begani.

"Njoo unishike miguu, kaka. Kwa karatasi mimi ndiye mkubwa wako."

"Nitakushika shingo," Nirapada alijibu.

Nirapada alifanya kazi miaka thelathini na saba katika idara ya maji ya manispaa, na mwandiko wake ulikuwa mzuri kiasi kwamba watu walizitunza bili zake. Mkewe, Minoti, alishona blauzi za wanawake wa mtaa. Kwake yeye safari zote duniani zilikuwa moja: Haridwar, mji wa ibada, pale mto mtakatifu wa Ganga unapotoka milimani. Aliahidiwa mwaka wa tatu wa ndoa. Kwanza wakasubiri likizo. Halafu wakasubiri binti aolewe. Binti alipoolewa, wakaanza kusubiri punguzo.

Na ujue, Ganga ilipita hatua hamsini kutoka mlangoni kwao.

"Maji ni yale yale," Nirapada alimwambia. "Yanatoka huko yanatufuata hapa, bure, bila tiketi. Halafu sisi ndio tuyafuate?"

"Yanafika hapa yamechoka," Minoti alisema bila kuinua macho kwenye cherehani. "Mimi nataka kuyaona kabla hayajachoka."

Yeye alikuwa ameshafika hamsini na nane, angeweza kwenda kwa nusu nauli na kumwacha mumewe. Hakutaka. Lakini magoti yalianza kumsumbua. Ngazi za kwenda juu ya paa, ambako alianika nguo, alizipanda kwa mkono ukutani, na daktari alishamwambia: kama kuna mahali unataka kwenda, nenda sasa, miguu ingali inakubali. Nirapada akalisikia hilo. Akahesabu kwenye kalenda ya ukutani. Tarehe mbili Aprili atatimiza sitini za karatasi. Akaizungushia duara jekundu.

Ule ndio ukawa mwaka wa ugonjwa ulioifungia dunia nzima ndani. Tarehe ishirini Machi punguzo la wazee likasitishwa. Zilibaki siku kumi na tatu.

Kwanza hakuna aliyelia, kwa sababu muda mfupi baadaye treni zenyewe zilisimama. Ziliporudi ndipo wazee walipogundua kwamba zimerudi peke yake, bila punguzo. Kibanda cha chai cha Pochu kikachemka kuliko birika.

"Mwaka mzima wametuambia wazee tukae ndani," alisema Sanatan, mwalimu mstaafu wa hisabati. "Sasa tumeruhusiwa kutoka, wanatutoza kwa sababu tumetoka."

"Gunia la viazi linasafiri kwa bei nafuu kuliko mimi," mwingine akasema.

"Gunia halikoromi," Pochu akamjibu. "Wewe unasumbua abiria."

Sanatan akatoa tiketi ya zamani mfukoni. Ilikuwa imeandikwa kwa herufi ndogo kwamba nauli ya abiria hulipia zaidi kidogo ya nusu ya gharama ya safari. "Eti bado tunapunguziwa," akasema. "Wote. Na kijana, na tajiri, na mimi."

"Basi si mshukuru?" Pochu akasema. Nusura arudishiwe vikombe vyake kichwani.

Hasara ya Nirapada ilikuwa nyingine. Wenzake walinyang'anywa kitu walichokuwa nacho. Yeye alinyang'anywa kitu alichokuwa akikingojea tangu mwalimu mkuu alipochovya kalamu, na hakuona neno la kutosha. Wazee walipounda Kamati ya Kurudisha Punguzo, wakamchagua yeye kuwa katibu kwa sababu ya mwandiko, na hapo ndipo maneno yakamjia. Aliandika barua moja kila mwezi. Alizipeleka posta mwenyewe, kwa rejista. Baada ya barua ya kumi na moja wakajibiwa kwamba barua yao imepokelewa, naye akaipeleka karatasi ile dukani ikatiwa plastiki.

Kisha akafanya kosa lake kubwa. Katika mkutano wa mwaka, kwenye ukumbi wa klabu, alisimama akapendekeza kiapo: hakuna mwanakamati atakayekata tiketi ya safari ndefu kwa nauli kamili mpaka punguzo lirudi. Makofi yalipigwa mpaka njiwa wakahama paani. Minoti aliyasikia akiwa nyumbani.

"Wamekupigia makofi ya nini?" alimuuliza aliporudi.

Akamweleza. Minoti akakata uzi kwa meno.

"Kwa hiyo umeapa kwa magoti yangu mimi."

Wanakamati wengine walikishika kiapo kwa namna yao. Mwalimu Sanatan alipotea siku sita, akarudi ameungua na jua, ana mchanga kwenye viatu na boksi la khaja, vile vitamutamu ambavyo kila mtu huvileta akitoka Puri, pwani. Alisema alikwenda hospitali Kolkata. Mwingine akaenda "kwenye msiba" Varanasi, akarudi na sari mbili za hariri. Jamani, watu wazima! Na Nirapada, katika kitabu cha kumbukumbu, akaandika kwa mwandiko wake mzuri: mjumbe hakufika, ni mgonjwa. Mjumbe hakufika, amefiwa. Aliyekishika kiapo kwa mikono miwili alikuwa mmoja tu, na yeye ndiye aliyeahidi safari.

Ikapita miaka minne. Minoti akaacha kuanika nguo paani.

Jioni moja ya Novemba, Nirapada anaandika barua ya mwezi, mkewe akamwita kwa namna alivyomwita siku zote, bila jina.

"Unasikia? Nimekata tiketi."

"Ya wapi?"

"Haridwar. Jumatano. Nakwenda na Gurupada na mkewe."

Kalamu ikasimama. "Nauli kamili?"

Miaka arobaini ya ndoa, na hilo ndilo lililomtoka! Minoti akamtazama, halafu akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika goti.

"Kamili. Hawakupunguza hata rupia. Hela zangu za blauzi."

"Na kamati nitaiambia nini?"

"Iambie nimekwenda hospitali."

Kumbe kamati nayo ilikuwa na mpango na Jumatano ile ile. Treni ya Haridwar husimama kwetu dakika mbili, na msimu ule hujaa wazee wanaokwenda kuoga, hivyo Sanatan alikuwa amependekeza waandamane kimya jukwaani. Ndiyo maana asubuhi ile katibu alifika kituoni ameshika mti wa bango kwa mkono wa kulia na chakula cha mkewe cha njiani kwa mkono wa kushoto. Bango lilisema TURUDISHIENI PUNGUZO LETU, urefu wa mita nne. Mti wa pili aliushika Sanatan.

"Kaka, leo unamsindikiza mkeo au unamwandamania?" Gurupada alimuuliza.

"Nyamaza, mzee," Nirapada akasema.

Treni ikafika. Gurupada akapanda, mkewe akapanda, mabegi yakapanda. Minoti akaweka mguu kwenye ngazi ya behewa, na goti likakataa. Ngazi za behewa ziko juu, jukwaa letu liko chini. Akajaribu mara ya pili. Watu wakaanza kumsukuma kwa nyuma, na Nirapada, ambaye hakuwa na mkono wa bure hata mmoja, akamwekea bega mgongoni akampandisha, naye akapanda nyuma yake asije akaanguka. Kule juu akageuka kutafuta pa kuweka chakula. Treni ikaondoka.

Bango likaanza kunyooka. Sanatan alitembea, halafu akakimbia kidogo, miaka sabini na mmoja, miwani inaruka puani, kisha akauachia mti wake. Bango lote likamfuata katibu ndani ya behewa.

"Ruka, kaka!" Gurupada akapiga kelele mlangoni. "Kwa karatasi wewe ndiye kijana!"

Ukweli ni kwamba treni ile huenda polepole mpaka ipite daraja la reli. Mtu wa miaka sitini na minane angeweza kushuka bila taabu, na wa sitini na minne ndiyo kabisa. Nirapada alisimama mlangoni akaitazama changarawe ikipita. Akamtazama Minoti. Alikuwa ameshafika kwenye kitanda chake cha chini, karibu na dirisha, na alichofanya ni kusogea kidogo. Nirapada akalikunja bango taratibu, kona kwa kona, akaenda kukaa pale aliposogea.

Mkagua tiketi alikuwa mwanamke kijana mwenye koti jeusi.

"Mzee, tiketi?"

"Sina."

"Unashuka wapi?"

Kulikuwa na kituo nusu saa mbele. Angetaja jina la kituo hicho tu, ashuke.

"Haridwar," akasema.

"Basi nauli kamili na faini." Kisha akaliona bango. Akaifunua kona moja, akasoma, akaziba mdomo. "Baba yangu naye yuko kwenye kamati kama hii. Kila Jumapili wanakutana, nyumba nzima hatulali. Lakini hapa lete hela, baba."

Minoti akatoa kifuko kiunoni akalipa. Kati ya wazee wote wa behewa lile, hakuna aliyelipa zaidi ya katibu wa Kamati ya Kurudisha Punguzo. Gurupada hakutania. Alimpa kaka yake mto wake wa kulalia, na usiku Nirapada akalala chini, katikati ya vitanda, juu ya mita nne za TURUDISHIENI.

Haridwar maji yalikuwa ya kijani na ya mbio, na yana minyororo ya kushikilia usichukuliwe. Minoti alishuka ngazi moja moja, mkono mmoja kwenye mnyororo na mwingine kwenye bega la mumewe. Maji yalipomfika magotini akapiga kelele kama msichana.

"Haya, unayaona?"

"Baridi," Nirapada alisema, meno yanagongana. "Bado hayajachoka haya."

Aliporudi nyumbani alikuwa ameshaandika barua ya kujiuzulu. Hakupata nafasi ya kuitoa. Jukwaani kamati ilimngoja na shada la maua la kumvika shingoni, kwa sababu wiki nzima Mwalimu Sanatan alikuwa akitangaza kibandani kwa Pochu kwamba katibu hakutosheka na dakika mbili, amelipeleka bango lenyewe mpaka Haridwar. Nirapada akafungua mdomo aseme ukweli. Maua yakamziba. Mpaka leo ni katibu, barua inakwenda posta kila mwezi, na punguzo halijarudi. Minoti hupanda ngazi kwa kupumzika katikati, na huwasimulia wateja wa blauzi jinsi maji yale yalivyo, kila mmoja kivyake, kana kwamba ni siri.

Mwezi uliopita nilikwenda kumsaidia Bamkubwa kuandika anwani kwenye bahasha, kwa kuwa mkono wake umeanza kutetemeka. Minoti alikuwa chumba cha pili, cherehani inakwenda. Nilikuwa nimeshasahau kabisa kwamba niliwahi kumuuliza kitu. Akaweka kalamu chini.

"Uliniuliza mbona hatuendi tu," akasema, sauti ya chini, akitazama mlango wa chumba cha pili. "Sikujua kama ni karibu vile. Unakula mara tatu, unalala mara moja, umefika."