Vipande vya Uzi

Fundi aliyetushonea sare hakutupa uzi mrefu hata siku moja. Masalia yote aliyakatakata kwa vidole vyake vilivyoota sugu, kila kipande urefu wa ukucha, kisha akayamwaga nje ya dirisha. Hapo shomoro walishuka kugombania matandiko ya viota. Mama alikuwa akifoka, “Fundi, mtoto anachelewa shule!” Naye, bila kuinua macho: “Vumilia, dada. Uzi mrefu huwafunga makinda miguu.” Viota vya mtaa mzima vilikuwa na rangi za sare zetu.

Siku hizi pale panauzwa simu. Juzi nilipita, nikaona kinda ananing'inia chini ya paa, mguu umenaswa kwenye uzi wa gunia la nailoni. Nikamwomba muuza simu mkasi.