Mota ya mayai ya Mutsamudu na hirizi niliyoificha kwenye taima

Wakuu, salaam aleikum. Naandika kwa kidole kimoja, shule niliishia mlangoni na Kiswahili nilikiokota Unguja, ila majina sijasahau hata moja. Na uongo wa nini kwa umri huu?

Ni zile zama za mapinduzi, baada ya uhuru. Nchi walikabidhiwa wanafunzi. Kwetu Mutsamudu mwenyekiti wa kamati alikuwa Anrafa, ndevu hana, amri anazo.

Hirizi marufuku. Ukishikwa nayo unapakwa masizi, unatembezwa vichochoroni. Ba Kombo, mtengenezaji, alishafungwa.

Mwanangu Fauzia alikuwa na yake, imevikwa fedha. Niifiche wapi?

Mimi ndiye niliyefagia chumba cha kamati, chenye mashine ya kutotolesha vifaranga. Nikaitumbukiza ndani ya boksi la taima. Nani atapekua mali ya serikali?

Sasa ile taima kazi yake kuwasha mota dakika moja, trei igeuze mayai, kisha izime. Tangu siku ile haikuzima. Mayai yanazunguka kutwa kama mahujaji waliopotezana!

"Hujuma!" akasema Anrafa. Akaletwa fundi Mbaraka kutoka Moroni, mji mkuu. Akabadilisha waya. Akabadilisha mota. Wapi!

Akafungua boksi. Mimi na ufagio wangu, shahada mdomoni.

Kumbe hirizi imelalia vile vidole viwili vya shaba, vinavyogusana kuwasha na kuachana kuzima. Fedha inapitisha umeme, basi vitaachana vipi?

Mbaraka akaichomoa, akaitazama. Akanitazama.

"Nini hicho?" akauliza Anrafa.

"Kidhibiti, mwenyekiti. Kimelegea."

"Sasa unakitoa kwa nini? Kirudishe! Hapa hakipungui kitu."

Mbaraka akaizungushia tepu ya umeme, akaibana pembeni. Mota ikawaka, dakika moja, ikazima. Kamati nzima makofi.

"Mashine ya Moroni inacho?"

"Haina."

"Ndiyo maana vifaranga wao wanakufa! Nani anatengeneza vidhibiti hivi?"

Mbaraka akajikuna shingo. "Yuko mmoja tu, mwenyekiti. Ila mmemfunga."

Siku hiyohiyo Ba Kombo akatoka kwa karatasi yenye muhuri, kutengeneza vidhibiti vya taifa.

Basi wanangu, taima ikigoma msikimbilie kubadilisha mota. Zimeni umeme, fungueni boksi, tazameni vidole. Na muulizeni anayefagia.

Nani mwingine alikuwapo enzi zile? Asimulie.

Na wewe Anrafa, kama umo humu, hirizi ya mwanangu sijarudishiwa.