Kutoka na Kutoa

Mdogo wangu aliposhika mimba ya pili alikataa kukanyaga hospitali. Anauza omena, wale dagaa wa ziwani, Migori mjini, hospitali iko hapo ng'ambo ya barabara, lakini akasema hapana, heri afie nyumbani. Mimi nilikuwa kwenye bunge la kaunti, mwakilishi wa wadi, tunajadili muswada wa kumlazimu kila mhudumu wa afya aite polisi akiletewa mwanamke ambaye mimba yake imeharibika.

Mimba yake ya kwanza ilimtoka akiwa sokoni. Kwa Dholuo tunasema ich owuok, tumbo limetoka, basi, ni mambo ya Mungu. Lakini daktari aliyempokea alikuwa mgeni, akamuuliza kwa Kiswahili, na Kiswahili chetu ni cha kuuzia samaki. Akajibu, "Nimetoa mimba." Alitaka kusema imetoka. Daktari akawapigia polisi simu, mdogo wangu akatolewa kitandani na kupelekwa seli, damu bado inamtiririka.

Nilikwenda kituoni kueleza. Afisa alinisikiliza vizuri tu, mpaka mwisho, kisha akaniambia, "Madam, heri kujikwaa kidole kuliko ulimi." Nilitamani kumzaba kofi. Baadaye walimwachilia kwa kukosa ushahidi. Tangu siku hiyo moyo wangu umekufa ganzi. Nakula, nalala, nahudhuria vikao, lakini silii wala sioni raha.

Safari ile daktari aliamua mwenyewe. Sasa walitaka iwe sheria, na wenzangu wakanijia mmoja mmoja. "Wewe ni Msabato mwenzetu," mmoja akasema. "Jumamosi utawaambia nini watu kanisani?"

"Nitawaambia Sabato njema," nikamjibu. "Au wewe huwa unawaambia nini?"

Wakacheka. Mimi sikuwa na kicheko.

Zamu yangu ilipofika nilisimama. "Mheshimiwa Spika, napinga. Mtu akiletwa anavuja damu, daktari ashughulike na damu. Mkimgeuza askari, wanawake watabaki nyumbani, na sisi hapa ndio tutakaokwenda kuhutubia matanga yao." Hakuna aliyepiga meza. Kuna aliyeguna nyuma yangu, sikugeuka. Mdogo wangu sikumtaja, maana nilijua nikimtaja tu, mpaka jioni atakuwa kwenye simu ya kila mtu.

Kura zikapigwa, muswada ukaanguka. Watu wakanipa mkono. Nilisema asante, asante, na kwa kweli sikusikia chochote ndani yangu, hata njaa.

Nikatoka uani, nikampigia mdogo wangu simu. Tuliongea Dholuo, kama siku zote.

"Muswada umeanguka," nikamwambia. "Sasa ukiona damu, hata tone, nenda hospitali. Unanisikia?"

Nyuma yake mteja alikuwa analalamikia bei.

"Nitaenda, dada," akasema. "Lakini mdomo sifungui."