Joto Nililoliota Peke Yangu

Nitawaambia mwenyewe, kwa sababu nimechoka kuisikia ikisimuliwa na watu ambao hata hawakuwepo: siku ya usaili wangu, mimi mwalimu wa kemia, nilishindwa kuisogeza themomita hata digrii moja, na aibu hiyo ndiyo ilikuwa ndogo.

Nimefundisha kwa mkataba wa bodi ya shule miaka sita katika shule moja kule Tongaren, nikitoka Matisi, Kitale, kabla majogoo hawajaamka, na nafasi ya kudumu ilipotangazwa kila mtu alijua ni yangu (hata mimi nilijua, na hapo ndipo shida huanza). Kilichobaki ni kufundisha kipindi kimoja mbele ya mwalimu mkuu na wanakamati watatu, nami nikachagua somo rahisi kupita yote: ukichanganya spiriti na maji, vyote vikiwa baridi vilevile, mchanganyiko hupata joto wenyewe bila jiko. Themomita hupanda, watoto husema “aaah”, unafunga kitabu.

Sasa turudi nyuma wiki mbili. Mvua ilikuwa haikatiki, magunzi ya kuwashia jiko la chai yameloa, na mimi nilikuwa nikichota spiriti ya maabara kidogo kidogo kuyawashia (kidogo kidogo, ndugu zangu, humaliza lita). Asubuhi moja nikasikia vifaa vitakaguliwa, kuangalia chupa imebaki robo, basi nikafanya kile wachuuzi wa maziwa hutufanyia wakidhani hatuoni, nikajaza maji ya mfereji hadi shingoni. Rangi yake ya zambarau ikapauka, nikasema nani ataangalia. Chupa ikapata uvuguvugu, na vidole vyangu vilikuwa vimekufa ganzi kwa baridi, nikaikumbatia.

Mama Nekesa, mhudumu wetu wa maabara, akanikuta hivyo. “Mwalimu, ni nini tena?”

“Mungu amenipatia joto,” nikamjibu, tukacheka.

Ukaguzi wenyewe haukufanyika, nami nikasahau, au nilichoka kukumbuka, kwa umri wangu ni kitu kimoja.

Siku ya usaili nikaandika ubaoni kwa mwandiko wangu wa sherehe: JOTO HUTOKA VIKICHANGANYIKA. Nikamimina, nikakoroga, themomita ikakaa palepale. Nikasema ni mbovu, nikaletewa nyingine, nayo ikakaa. Mwanakamati mmoja mzee akauliza, “Si uwashe hiyo spiriti tuone, bana?” Nikamimina kidogo kwenye kisahani, njiti tatu zikazimika.

Hapo ningekiri, yangeisha. Lakini nilikuwa nikiiona miaka sita ikienda na maji, nikamgeukia Mama Nekesa, mjane ambaye kazi ile ndiyo unga wa watoto wake, aliyenitilia chai kila asubuhi, nikasema mbele ya watu wote, “Kuna mtu anaiba spiriti hapa na kujaza maji, na funguo anazo mtu mmoja.”

Mwalimu mkuu akaweka kalamu chini, akamwangalia.

“Ati mimi?” Mama Nekesa akasema. “Mwalimu, mimi hiyo chupa hata sijashika. Si ni wewe nilikupata umeikumbatia ile asubuhi ya baridi, ukasema Mungu amekupatia joto?”

Hakuwa ananitega, alikuwa anajitetea tu. Lakini Chebet, msichana wa dawati la mbele ambaye kwangu hajawahi kupita D, akauangalia ubao, akaiangalia chupa, akainua mkono.

“Mwalimu, basi si maji iliwekwa ile siku? Joto ikatoka yote, ukaota wewe.”

Darasa zima likasema “aaah”.

Nikakiri, ningefanya nini. Nafasi ikaenda kwa kijana kutoka Bungoma mjini, mpole, ana themomita yake mwenyewe. Nami niko bado kwenye mkataba, na nimeapa kwamba kosa langu sitalitafutia tena jina la mtu mwingine, hata niwe nimebanwa mlangoni. Mama Nekesa nilimwomba msamaha siku ileile, akasema amenisamehe, na najua amenisamehe kweli maana yeye si mtu wa kinyongo. Ila chai siku hizi najitilia mwenyewe, na nikifika huwa imeshapoa.